Jina la baba na mshono wa kwapa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza uache kuimba ubaki na cherehani, au cherehani ndiyo uiache, maana barazani wanasema mshika mbili moja humponyoka, tena hata hizo mbili umezipata kwa jina la marehemu baba yako na gitaa lake.

Kuhusu jina hawajakosea. Wateja wako wa kwanza walikuja kwa sababu ujana wao waliucheza kwenye dansi za baba yako. Basi!

Mtazame Cedella Marley, binti wa Bob Marley, yule mwimbaji wa reggae wa Jamaika, na mkewe Rita. Baba yake alifariki Mei 1981, yeye ana miaka 13. Tayari alikuwa akiimba na ndugu zake, Ziggy, Stephen na Sharon, na baadaye kundi lao la Melody Makers likachukua tuzo tatu za muziki za Grammy. Mwingine angetulia hapo. Yeye akaingia kwenye mitindo ya nguo, akaandika vitabu vya watoto, akashika uongozi wa Tuff Gong, kampuni ya baba yake. Sikudanganyi kwamba alilikimbia jina: kitabu chake kimoja kinaitwa One Love, sawasawa na wimbo wa mzee.

Ila mimi ni fundi, kilichonigusa ni nguo. Mwaka 2012 alibuni sare za Puma walizovaa wanariadha wa Jamaika kwenye Olimpiki ya London. Unakumbuka tulivyokesha kwa jirani tukimsubiri Usain Bolt? Ninyi mnapiga kelele, mimi macho yako kwenye fulana ile ya njano, natafuta mshono wa kwapa. Mtu anakimbia mita 100 kwa sekunde 9.63; nguo ikimkaba, dunia nzima inaona. Hapo hata uwe mtoto wa nani, mshono ndio unaosema.

Halafu kuna timu ya mpira ya wanawake wa Jamaika, Reggae Girlz. Ilikuwa imekufa kwa kukosa fedha. Mwaka 2014 Cedella akaanza kuichangishia, hata wimbo akautoa. Mwaka 2019 wasichana wale wakacheza Kombe la Dunia Ufaransa, wa kwanza kutoka Karibiani. Kazi hiyo sindano peke yake isingeiweza. Ilitaka sauti, na ilitaka jina.

Kwa hiyo usiache kitu kwa maneno ya barazani. Ila Ijumaa hii usipokee harusi ya kuimba. Gauni la kitenge limerudishwa, mwenyewe aliinua mikono kucheza, likafumuka. Ulilishona usiku umetoka jukwaani, uzi umeulegeza, naujua mkono wako. Nimeliweka kwenye kiti chako. Kwapa la kushoto nimelifumua na kulishona upya. La kulia nimekuachia.

Mama yako