Kaburi la Mtakatifu Augustino liko Italia, si Algeria

Umeuliza kwa nini Mtakatifu Augustino, ambaye alikuwa Mwafrika, amezikwa Italia. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras nchini Algeria, akabatizwa na Ambrosi, askofu wa Milano, mjini humo wakati wa Pasaka ya mwaka 387, kisha akarudi nyumbani na hatimaye kuwa askofu wa Hippo, mji wa kale ulioko Algeria ya leo. Alifariki tarehe 28 Agosti 430, Wavandali, watu wa asili ya Kijerumani waliovamia Afrika Kaskazini, wakiwa wameuzingira mji huo, na akazikwa huko huko.

Masalia yake yalihamishiwa baadaye katika kisiwa cha Sardinia, na katika karne ya 8, Waarabu walipokuwa wakikishambulia kisiwa hicho, Liutprand, mfalme wa Walombardi waliotawala sehemu kubwa ya Italia wakati huo, aliyachukua na kuyapeleka Pavia, mji wa kaskazini mwa Italia, ambako yamo hadi leo katika kanisa la San Pietro in Ciel d'Oro, chini ya mnara wa kumbukumbu wa marumaru wa karne ya 14 ambao, kwa maoni yangu, unastahili safari peke yake. Hata hivyo, Afrika haikuachwa mikono mitupu, kwani sehemu ya mfupa wa mkono wake ilirejeshwa Annaba, yaani Hippo ya kale, mwaka 1842.