Marehemu anayepokea mahari sura ya 11

Dada, umeuliza inakuwaje riwaya uliyoinunua stendi ya Moshi imzike baba sura ya 3, halafu sura ya 11 huyohuyo apokee mahari. Pole, ila usimlaumu mhariri peke yake.

Mimi hupitia miswada hapa Arusha. Kosa la namna hiyo mara nyingi huzaliwa mwandishi akibadili hadithi katikati: awali baba alikuwa mzima, baadaye akaona akifa inanoga zaidi, akarekebisha mwanzo akasahau mbele. Na anayesoma akiwinda herufi zilizokosewa hamwoni marehemu aliyeketi barazani.

Kompyuta nayo ina vituko. Mwandishi mmoja alibadili jina la Baraka kuwa Elia, mswada mzima kwa mpigo mmoja. Nikafika kwenye harusi: “Padri akawapa maharusi Elia.” Nilicheka mpaka chai ikamwagikia karatasi. Na ukurasa huo nilikuwa nimeshaupitia mara moja!

Hata wakubwa huteleza. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, alimpa Dk. Watson, rafiki wa Holmes, jeraha la risasi begani katika riwaya ya mwaka 1887. Kufikia riwaya ya 1890 lilishahamia mguuni.

Nawe ukiandika mswada wako, tafuta daftari. Kila mhusika ukurasa wake: umri, kovu, siku aliyokufa, na sura ilipotajwa. Kisha mpe mtu asiyeijua hadithi aimalize kwa siku mbili tatu. Akiisoma kwa miezi, naye atasahau. Mimi humpa shangazi yangu. Huyo hasahau deni la mtu, sembuse msiba.