Usilipie kitabu hicho cha ndege kabla hujasoma ukurasa wa hakimiliki

Mkuu, usitume hela kwanza. Umeuliza kitabu gani cha kutambulia ndege ununue, darubini ya 8x42 au 10x42, na programu ya simu, kwa kuwa unaanza kuongoza wageni Ruaha na Udzungwa. Halafu ukaongeza kwamba kuna jamaa Posta ana kitabu "kipya kabisa, chapa ya 2011". Hapo ndipo nilipoacha chakula mezani nikaja kuandika. Kuchapwa 2011 hakumaanishi kiliandikwa 2011. Mtambo unaweza kukitoa leo asubuhi huku maelezo, michoro na ramani ni vile vile vya miaka ya themanini.

Mimi niliuziwa hivyo hivyo. Jalada linang'aa, bado kimefungwa nailoni, muuzaji anaapa mji mzima hakuna kipya kuliko hicho. Nikaenda nacho Ruaha na wageni wawili, mke na mume watu wazima, waliozunguka nchi nyingi wakitafuta ndege. Karibu na Msembe, makao makuu ya hifadhi, tukawakuta hondohondo wa mdomo mwekundu chini ya mbuyu, wanachokonoa kinyesi cha tembo wakitafuta mende. Yule mama akaniuliza kama ndiye yule anayepatikana Tanzania tu. Nikafungua kitabu. Hondohondo wa mdomo mwekundu mmoja tu, ramani yake imepakwa rangi kuanzia Senegal hadi Afrika Kusini. Nikamjibu kwamba huyu ni yule yule waliyemwona Tarangire, nikamwambia dereva atie moto.

Kumbe wa Ruaha, Tockus ruahae, alishapewa jina lake mwanzoni mwa miaka ya 2000, na nje ya Tanzania haishi popote. Tofauti iko usoni: jicho la manjano limezungukwa na ngozi nyeusi tii, wakati yule wa kaskazini ana jicho la giza na ngozi nyepesi pembeni. Alikuwa hatua chache tu kutoka dirishani! Usiku ule kambini wageni wakamtafuta kwenye orodha ya simu yao, wakamkuta. Kesho yake maswali yote ya ndege walimuuliza dereva. Kampuni iliyonipa kazi ile haijanipigia tena.

Niliporudi mjini nikamfuata muuzaji. Unajua alinijibu nini? "Kwani ndege wamebadilika?" Aisee, jibu lile linanichoma mpaka leo. Mtu anauza vitabu, anajua fika mteja wake ni mtu wa kazi, na anampa mzigo uliokaa ghalani kwa maneno ya kiapo. Ndege ni wale wale, ndiyo. Lakini watafiti wanarekodi sauti, wanapima vinasaba, wanalinganisha maumbile, na aliyedhaniwa mmoja anaonekana ni wawili au watano. Mgeni wako anakuja na orodha ya leo, na wewe utamjibu kwa orodha ya juzi?

Kwa hiyo chana nailoni hapo hapo dukani, muuzaji anune asinune. Nenda ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Tafuta mwaka wa toleo. Miaka iliyopangwa chini yake ya kuchapwa tena usiihesabu kabisa. Kisha nenda kwenye faharasa mwishoni, tafuta ruahae. Tafuta na Pternistis, jina jipya la kisayansi la kwale wengi: kama kwale wote bado wako chini ya jina la zamani, Francolinus, kirudishe rafuni. Na wewe unayekwenda Udzungwa, mtafute Xenoperdix udzungwensis. Kwale huyu watafiti walimgundua 1991 baada ya kuona miguu ya ndege wasiyemjua ndani ya sufuria kambini, akaelezwa rasmi 1994. Kitabu kilichoandikwa kabla ya hapo hakiwezi kuwa naye, hata kingechapwa jana.

Kitabu cha kununua ni cha Stevenson na Fanshawe, kinachukua ndege wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Toleo la kwanza ni la 2002, la pili ni la 2020. Nunua la pili. La kwanza linauzwa bei rahisi mitandaoni, na picha ya tangazo haikuonyeshi mwaka, kwa hiyo mwombe muuzaji akupigie picha ukurasa ule ule niliokutajia. Hata hilo la pili utaliongezea kwa kalamu: sistikola wawili, ndege wadogo wa kwenye majani, wa bonde la Kilombero walipewa majina ya kisayansi 2021, nao ni majirani zako kabisa hapo Udzungwa.

Usidhani ni majina tu. Tumbusi mgongo-mweupe vitabu vya zamani vinamtaja kama ndege wa kawaida. Tangu 2015 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Ukimwonyesha mgeni tumbusi huyo juu ya mzoga ukamwambia "hawa wapo tele", ameshajua kitabu chako ni cha lini.

Programu, weka Merlin, ya kutambulia ndege, ni ya bure, na pakua kabisa kifurushi cha ndege wa eneo lako ukiwa bado na mtandao. Lakini kitabu kwanza, darubini tutaijadili baadaye. Kama jamaa bado anakushikia, mwambie apige picha ukurasa wa hakimiliki na ule wa faharasa wenye Tockus, uziweke hapa kabla hujatuma hata mia.