Kwa nini .37 ya jiwe la mpaka inapotea kwenye Fortran

Ndugu, umeuliza mbona kigeu umekitangaza `double precision` (usahihi maradufu), ukaandika `y = 9553120.37` (kipimo cha kaskazini kwa mita, kwenye mfumo wa ramani wa UTM, kanda ya 37 Kusini), na programu inakuchapia 9553120.00. Kigeu hakina kosa. Kosa limo kwenye namba yenyewe ulivyoiandika.

Fortran huisoma namba kabla ya kutazama inakwenda wapi. Isipokuwa na `d` au alama nyingine ya usahihi, huichukua kuwa ya usahihi mmoja: biti 32, na 24 tu ndizo za tarakimu. Kuanzia 8,388,608, yaani 2 kipeo cha 23, biti hizo zote zinaishia kwenye mita nzima. Mombasa, iwe Likoni, kisiwani au Nyali, kote ni zaidi ya 9,500,000, basi sentimita zako 37 hukatwa zote. Ungeandika .62, ingepanda 9553121. Kipimo cha mashariki ni hatari zaidi kwa sababu kosa lake halionekani: 574118.37 hugeuka 574118.375, maana hapo hatua kutoka namba moja hadi inayofuata ni mita 0.0625. Kosa laweza kufika sentimita 3, na kwenye ploti za mjini hizo zatosha kugombanisha majirani.

Andika `9553120.37d0`. Programu ikiwa ndefu, tangaza juu:

`integer, parameter :: dp = kind(1.0d0)`

kisha `9553120.37_dp`.

`dble(9553120.37)`, yaani kuigeuza iwe maradufu, haikusaidii, .37 imeshakwenda kabla `dble` haijaitwa. `acos(-1.0)` nayo hukupa pai fupi, iandike `acos(-1.0d0)`. Na `1/3` ni sifuri kabisa, hizo ni namba nzima.

Linalowachanganya wengi ni kwamba `read` hutazama aina ya kigeu, kwa hivyo namba za kwenye faili huingia kamili. Mawe ya faili yakikaa sawa na lile moja uliloliandika ndani ya kodi likahama, anza kutafuta hapo. Ukitumia kompaila ya gfortran ongeza `-Wconversion-extra`, itakuonyesha mistari. `-fdefault-real-8`, inayozifanya namba zisizo na alama ziwe za maradufu, siishauri: mwenzako akikompaili bila hiyo, kosa linarudi kimyakimya.

Ukitoka C au Java, huko ni kinyume: `0.1` ni ya usahihi maradufu tayari, na `0.1f` ndiyo fupi. Java hata hukataa `float x = 0.1;`. Fortran hupokea bila neno.