Daktari wa Mifugo Anajibu: Kirusi kinachozuia kifo, mbona kimeua nguruwe wangu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwezi wa tatu nguruwe wangu 14 walikufa ndani ya siku 9. Kwenye semina tuliambiwa kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika huzuia seli zisife. Sasa kama kinazuia kifo, mbona banda langu limebaki tupu? Na lini nilete wengine? — Mfugaji, Mbozi

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa hasara hiyo. Mliyoambiwa semina ni kweli, ila ni nusu ya habari.

Kila seli ya nguruwe, kama zako na zangu, ina mpango wa kujiua. Ikihisi imevamiwa, huwasha vimeng'enya viitwavyo kaspasi, ambavyo huikatakata kutoka ndani, na seli jirani humeza mabaki. Kirusi kilichomo hukosa pa kuzaania. Ni sawa na mfugaji anayemfukia mgonjwa wa kwanza ili kundi lipone.

Kirusi hiki kinaujua mpango huo. Cha UKIMWI kina jeni 9, yaani maagizo ya kutengeneza protini. Hiki kina zaidi ya 150, na baadhi ni za kazi hiyo tu. Jeni A179L hutengeneza protini inayofanana na breki ambayo seli yenyewe inayo, Bcl-2, nayo hukamata protini zinazoanzisha kifo. A224L humzuia kaspasi namba 3, mkataji mkuu. Seli iliyotaka kufa mapema inalazimishwa kuishi mpaka virusi vipya viive. Vikishatoka, nayo inakufa.

Seli inayoshikwa hivyo ni makrofaji, mlinzi wa mwili anayekula vijidudu. Akiwa mateka, humwaga kemikali za tahadhari kupita kiasi. Limfosaiti zilizo jirani, yaani seli nyeupe za damu za kinga, ambazo hazina kirusi hata kimoja, zinazipokea na kujiua kwa wingi. Mishipa ya damu nayo inavuja. Nimepasua mizoga mingi ya ugonjwa huu: bandama jeusi, limevimba, linabonyea kama ini bovu, na tezi zimejaa damu hadi unadhani ni damu iliyoganda. Kirusi kimeiokoa seli kilimojificha. Nguruwe amekufa kwa yaliyotokea nje ya seli hiyo.

Wala kirusi hakinufaiki na kifo cha nguruwe wako. Makao yake ya zamani ni ngiri na papasi wa kwenye mashimo yao, na ngiri hutembea nacho bila kuugua. Daktari wa mifugo Montgomery alipouandika ugonjwa huu mwaka 1921 huko Kenya, waliokuwa wakifa ni nguruwe wa walowezi walioletwa kutoka nje.

Kuhusu kuleta wengine: kama banda ni la saruji lisilo na nyufa, osha, puliza dawa ya kuua vijidudu, liache tupu siku 40, kisha anza na watoto wawili tu uwaangalie. Usiwape makombo ya hotelini bila kuyachemsha nusu saa. Lakini kama ni la udongo na miti, na ukipitisha kijiti kwenye nyufa wanatoka papasi, livunje. Papasi hukaa na kirusi hicho kwa miaka. Jenga jingine mbali na hapo, hata kama ni dogo.