Jibu: Orodha ya mawaziri wa Gauteng inayozidi idadi

Salaam ndugu. Nimekuelewa hivi: unaandaa orodha ya baraza la utendaji la jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, muhula wa 2019 hadi 2024. Majina yamepita 11, na Panyaza Lesufi ametokea mara mbili, kwenye elimu na kwenye uongozi wa jimbo.

Hujakosea. Anza na tarehe, majina yasubiri. Katiba inaruhusu waziri kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, pamoja na wajumbe 5 hadi 10, lakini hiyo ni idadi ya kwa wakati mmoja, si ya muhula mzima. Waziri kiongozi David Makhura aliachia ngazi Oktoba 2022, Lesufi akashika nafasi yake, na elimu ikaenda kwa Matome Chiloane. Kwa hiyo Lesufi anastahili mistari miwili.

Mimi nilipotengeneza jedwali kama lako niliweka mstari mmoja kwa kila mtu, nikalazimika kulifumua lote. Weka mstari mmoja kwa kila uteuzi: jina, wizara, siku ya kuapishwa, siku ya kuondoka. Kisha chagua siku yoyote uhesabu waliokuwa ofisini. Wakizidi 11, kuna tarehe ya kuondoka uliyoisahau, na mara nyingi ni ya mtu aliyehamishwa wizara tu.

Makaimu waweke pembeni, tafadhali. Mjumbe akishikilia wizara ya mwenzake kwa muda, kiti hakijaongezeka. Wizara zinazounganishwa au kubadilishwa jina nazo zitakusumbua, basi andika jina lililotumika siku ile ya uteuzi.