Kikao tulichochelewa kukiitisha

Mama alipopata kiharusi, sisi ndugu wanne tuliulizana kwa simu nani atakaa naye. Nikaangukiwa mimi, kwa kuwa sikuwa na watoto wadogo. Niliacha kazi nikidhani ni miezi mitatu. Ikawa miaka minne, na muda wote huo michango yangu ya pensheni ilikuwa imesimama.

Watu wakizungumzia jamii kuzeeka hutaja pensheni na dawa. Ni kweli, pale wafanyakazi wa leo wanapowalipa wastaafu wa leo, mfuko huyumba wachangiaji wakipungua. Lakini mtu mwenye nguvu zake akitoka kazini kwenda kuuguza, halipi tena kodi wala hachangii, na kesho naye anazeeka mikono mitupu. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamke.

Japani, ambako karibu watu 29 katika kila 100 wamefika miaka 65 au zaidi, wana bima ya matunzo ya wazee tangu mwaka 2000, na mtu huanza kuichangia akifika miaka 40. Walilazimika kukimbia. Wazee wao walitoka asilimia 7 ya watu wote mwaka 1970 wakafika 14 mwaka 1994. Ufaransa safari hiyohiyo iliichukua zaidi ya miaka 100.

Penye bima kama hiyo, jiandikishe. Pasipo nayo, bima ni ninyi ndugu. Basi kaeni kikao mzazi angali na nguvu, naye awepo. Muulizeni anataka kuishi wapi, akiba yake iko wapi, nani asaini benki asipoweza mwenyewe. Sisi hati za mama tulizikuta mwaka wa pili, chini ya nguo sandukuni, tumeshakopa huku na huku.

Na anayebaki na mzazi achangiwe pensheni yake. Nilipolisema hili palizuka ugomvi. Dada yangu aliniuliza kama namuuzia mama mapenzi. Iliniuma sana. Sikuwa naomba mshahara, nilikuwa naomba uzee wangu usije ukawa mzigo wa watoto wao.

Kaka alijitolea kunipokea Jumamosi. Ya kwanza tu, baada ya kumgeuza mama kitandani kila saa mbili usiku kucha, aliwapigia wenzake mwenyewe kuwaambia mchango uanze mwezi ule.